Deki ya CD, strima, au mashine moja yenye vyote: ipi inakufaa?

Kabla hujalinganisha mashine, hesabu diski zako. Mwenye CD mia mbili anazozipiga mara kwa mara na mwenye kumi na tano zilizoota vumbi hawapaswi kununua kitu kimoja, hata kama bajeti zao zinalingana. Wa kwanza bado anahitaji deki nzuri. Wa pili aweke fedha zake kwenye strima, yaani chombo kinachochota muziki kutoka kwenye mtandao, na zile kumi na tano azihamishie kwenye kompyuta mara moja tu. Ugumu uko kwa walio katikati, na hao ndio wanaolengwa na mashine zenye vyote viwili ndani ya sanduku moja, kama Marantz SACD 30n, Technics SL-G700M2 na Arcam CDS50.

Kigezo kinachosahaulika katika uchaguzi huu ni umri wa sehemu. Mfumo wa aina hii una sehemu tatu: kisomaji cha diski, chenye mota, giya na leza, kompyuta ndogo inayowasiliana na intaneti, na DAC, yaani kigeuzi kinachobadili namba kuwa umeme wa sauti. Hazizeeki kwa mwendo mmoja. Kisomaji huchakaa kwa kutumika. Kompyuta hupitwa na wakati: huduma za muziki hubadili taratibu zao, mtengenezaji huacha kutoa masasisho, na siku moja programu ya simu inakataa kuiona mashine. DAC iliyotengenezwa vizuri inaweza kukaa miaka ishirini bila kudai chochote. Basi mnunuzi ajiulize hivi: sehemu itakayokufa mapema ikishakufa, nitalazimika kutupa nini pamoja nayo?

Sauti: kinachobadilika na kisichobadilika

CD hubeba biti 16 kwa kHz 44.1, kiwango kilichowekwa na Philips na Sony mwaka 1980. Hiyo ni kilobiti 1,411 kwa sekunde. Faili la FLAC lililotolewa vizuri kwenye diski hiyohiyo likifunguliwa lina namba zilezile, maana FLAC hupunguza nafasi bila kupoteza data. Namba hizo zikifika kwenye DAC ileile, kutoka kwenye deki au kutoka kwenye strima, sauti ni ileile. Anayesema deki yake inaimba vizuri kuliko strima mara nyingi anasikia tofauti ya kweli, ila chanzo chake kiko kwingine.

Chanzo cha kwanza ni ukubwa wa sauti. Tofauti ya nusu desibeli haimfikii msikilizaji kama sauti kubwa zaidi. Humfikia kama sauti iliyo wazi zaidi, yenye uhai zaidi. Deki nyingi hutoa volti 2 kwenye matundu ya RCA, yale ya kawaida ya kutolea sauti, nyingine hutoa zaidi kidogo, na strima yenye kidhibiti chake cha sauti inaweza kutoa kiasi chochote. Ukitaka kulinganisha kwa haki, tumia multimita. Andaa mlio wa majaribio wa hezi 100 kwenye CD-R, yaani CD tupu ya kurekodia mwenyewe, na uleule kama faili la strima. Weka multimita kwenye volti za AC, gusisha ncha zake kwenye matundu ya spika nyuma ya amplifaya, kisha rekebisha mpaka vipimo vya vyombo vyote viwili visipishane zaidi ya asilimia 1. Hapo umebaki na tofauti ya kama desibeli 0.1, na mlinganisho wako una maana. Mlio uwe wa chini hivyo kwa sababu multimita za bei nafuu hupima vizuri karibu na masafa ya umeme wa nyumbani, na hukosea masafa yakipanda.

Chanzo cha pili ni toleo. Albamu moja inaweza kuwa imeandaliwa upya studio mara tatu au nne tangu CD yake ya kwanza itoke, na huduma za kustrimu mara nyingi huweka toleo la karibuni. Matoleo mengi ya miaka ya 1990 na 2000 yalikandamizwa ili yasikike makubwa, ngoma zikapoteza kishindo. Mwenye diski ya zamani anamiliki toleo ambalo huenda halipo tena kwenye huduma yoyote. Hii ndiyo sababu yenye nguvu kuliko zote ya kutunza CD, na haihusiani kabisa na aina ya mashine.

Kuna pia jambo dogo linalowachanganya hata mafundi. Baadhi ya CD za miaka ya 1980 zilirekodiwa na sauti za juu zimepandishwa makusudi, pamoja na alama inayoiambia deki izishushe wakati wa kupiga. Deki husoma alama hiyo. Programu nyingi za kuhamishia CD kwenye kompyuta haziirekebishi sauti yenyewe, na faili linalotoka huwa kali, sauti za sahani za ngoma zikichoma masikio. Ukikuta albamu ya zamani imekuwa kali kupitia strima wakati kwenye deki ni tulivu, usilaumu strima. Irekebishe kwa programu ya kuhariri sauti yenye kichujio cha mikrosekunde 50 na 15.

Deki: angalia leza kabla ya bati la mbele

Deki husoma diski kuanzia katikati kwenda ukingoni, ikizungusha mara 500 hivi kwa dakika mwanzoni na kupungua hadi 200 mwishoni. Leza yake ni ya nanomita 780, na mistari inayoifuata imepishana kwa mikromita 1.6 tu. Kazi hiyo yote hufanywa na lenzi ndogo ya plastiki inayoning'inia kwenye nyaya laini. Ndiyo maana uzito wa sanduku na unene wa bati la mbele vinakuambia machache mno. Kinachofaa kuulizwa dukani ni jina la kisomaji kilichomo ndani na kama kinapatikana kama kipuri. Visomaji vilivyotengenezwa kwa wingi, kwa mfano familia ya Sony KSS-213, vimetumika kwenye deki za rahisi na za ghali pia, na fundi akipewa namba kamili anaweza kuvitafuta. Deki ya kifahari yenye kisomaji cha Philips kilichoacha kutengenezwa inaweza kuwa nzuri sana leo na kukosa tiba kesho.

Kuna deki kamili, yenye DAC ndani, na kuna kisomaji kitupu kinachotoa namba tu, kama Cambridge Audio CXC na Audiolab 6000CDT. Kisomaji kitupu ni chaguo la busara kwa mwenye DAC nzuri tayari, au mwenye amplifaya iliyo na matundu ya kupokea dijitali. Asiye navyo asikinunue, kwa sababu hakitatoa sauti hata kidogo kikiunganishwa na matundu ya kawaida ya amplifaya.

SACD, diski inayofanana na CD lakini yenye tabaka la sauti ya kiwango cha juu zaidi, inabadilisha hesabu. Ilitoka mwaka 1999. Hutumia biti 1 kwa mzunguko wa MHz 2.8224, na leza yake ni ya nanomita 650, kwa hiyo deki ya CD ya kawaida haiwezi kusoma tabaka hilo. Diski nyingi za SACD zina matabaka mawili, na lile la CD husomwa popote, lakini zipo zisizo na tabaka la CD kabisa. Soma maandishi ya nyuma kabla ya kununua. La kuzingatia zaidi ni kwamba kwa sababu za kuzuia kunakili, karibu mashine zote za SACD hufunga matundu ya koaxia na ya mwanga, yale ya kutolea sauti ya dijitali, zinapocheza tabaka la SACD. DAC yako ya nje, hata iwe bora kiasi gani, haitapata kitu. Mwenye SACD nyingi anahitaji DAC nzuri ndani ya mashine yenyewe, na hapa ndipo mashine ya sanduku moja inapojitetea vizuri kuliko mahali pengine popote.

Trei huharibika, lakini ni rahisi kutengeneza. Mdomo wa kumezea diski unapendeza, ila haupokei diski za sentimita 8, na diski ikikwama ndani ni lazima ufungue mashine. Deki za kufunulia juu zina sehemu chache za kuharibika, ila zinahitaji nafasi wazi juu yake, kwa hiyo haziwezi kukaa kwenye rafu iliyobana.

Matatizo ya deki yanajirudia, na mengi hayahitaji kubadilisha leza:

Trei ikigoma kutoka, au ikatoka nusu na kurudi, sababu ya kawaida ni mkanda wa mpira uliolegea. Mpya unapaswa kuwa mfupi kidogo kuliko ule ulionyooka, kwa asilimia 5 hivi. Ukinunua wa urefu uleule wa mkanda uliochoka, umenunua tatizo lilelile.

Deki ikiruka nyimbo za mwanzo au za mwisho tu, shuku reli ambayo kisomaji huteleza juu yake. Grisi ya kiwandani hukauka na kuwa kama gundi. Ifute yote kwa pamba na alkoholi ya isopropili, kisha paka grisi nyeupe ya plastiki, kiasi cha punje ya mchele. Usipake mafuta ya cherehani. Hutambaa na kufika kwenye lenzi.

Ikisema hakuna diski, safisha lenzi kabla ya kuagiza leza mpya. Chomoa waya wa umeme ukutani, fungua mfuniko, lowesha kijiti cha pamba kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, gusa lenzi bila kuikandamiza na uzungushe mara mbili. Subiri ikauke. Usichungulie lenzi mashine ikiwa inawaka: mwanga wa leza hii karibu hauonekani kwa macho, na hilo ndilo linaloufanya uwe hatari.

Kwa upande wa diski, mkwaruzo unaotoka katikati kwenda ukingoni kwa kawaida hausumbui, kwa sababu mfumo wa kurekebisha makosa unaweza kuziba pengo la kama milimita 2.5. Mkwaruzo unaofuata mzunguko wa diski ndio unaoua wimbo, kwani huharibu data nyingi mfululizo kwenye mstari mmoja. Ndiyo maana diski hufutwa kwa mstari mnyoofu kutoka katikati kwenda nje, kamwe si kwa kuzungusha kitambaa.

Strima: jaribio la simu

Strima ya kweli huchota muziki yenyewe kutoka kwenye mtandao, na simu inabaki kuwa rimoti. Jaribio lake ni rahisi: anzisha wimbo, kisha weka simu kwenye hali ya ndege. Muziki ukiendelea hadi mwisho wa wimbo, strima inachota yenyewe. Ukikatika, sauti ilikuwa inapita kwenye simu, na chochote ambacho simu inakifanya kwa sauti hiyo kimekuingia sebuleni.

Spotify Connect, Tidal Connect na Qobuz Connect hufanya kazi kwa njia ya kwanza. Google Cast pia, ikifika hadi biti 24 kwa kHz 96. AirPlay hupitisha muziki kwenye simu na kwa kawaida haivuki kiwango cha CD. Bluetooth ni ya mwisho kwa ubora: hata LDAC, iliyo miongoni mwa bora zake, hufika kilobiti 990 kwa sekunde, chini ya 1,411 za CD. Kwa mgeni anayetaka kucheza wimbo mmoja inatosha; kwa usikilizaji wa makini usiitegemee. Watumiaji wa Apple Music wawe waangalifu zaidi ya wengine, kwa sababu huduma hiyo haimo ndani ya strima nyingi. Muziki wake usiopoteza data upo tangu Juni 2021, hadi biti 24 kwa kHz 192, lakini ukiurusha kwa AirPlay hauufikishi wote.

Huduma za Tidal na Qobuz nazo hufika biti 24 kwa kHz 192. Spotify ilianza kutoa muziki usiopoteza data mnamo Septemba 2025, hadi biti 24 kwa kHz 44.1. Na ukikutana na muuzaji anayeisifia mashine kwa sababu ina MQA, fomati ya kubana muziki, usimwongezee hata senti kwa sifa hiyo: kampuni ya MQA iliingia kwenye usimamizi wa ufilisi Aprili 2023, na Tidal ikaiacha fomati hiyo mwaka 2024.

Kuhusu intaneti, wengi hununua kasi wasiyoihitaji. Muziki wa biti 24 kwa kHz 192, kabla haujabanwa, ni megabiti 9.2 tu kwa sekunde. Muziki unapokatika katikati, mara nyingi tatizo ni Wi-Fi ya ndani: mkondo wa GHz 2.4 umejaa vifaa vya jirani, au strima imefichwa nyuma ya televisheni. Vuta waya wa Ethernet kutoka kwenye ruta kama inawezekana. Waya wa kawaida wa kundi la 5e unatosha kabisa, na hakuna sababu ya kununua waya wa Ethernet unaouzwa kwa bei ya spika. Kama waya hauwezekani, hamishia strima kwenye GHz 5 na usogeze ruta ionane nayo. Mwenye intaneti ya kupimwa kwa bando ajue hesabu hii: muziki wa kiwango cha CD kwa FLAC hula takriban MB 300 hadi 400 kwa saa, na ule wa kHz 192 hupita GB 2 kwa saa. Kwa mtu huyo, diski au faili zilizohifadhiwa nyumbani ndizo zenye unafuu, na jioni nne za kHz 192 zinaweza kumaliza bando la mwezi mzima.

Sasa umri. Squeezebox za Logitech zilipendwa sana. Uzalishaji wake ulikoma mwaka 2012, na mwanzoni mwa 2024 huduma yake ya mtandaoni, mysqueezebox.com, ikafungwa. Waliokuwa wakitegemea huduma hiyo peke yake walikwama. Waliokuwa wameweka seva yao nyumbani waliendelea, kwa sababu programu ile ilikuwa wazi, na leo inaendelezwa na watumiaji kwa jina la Lyrion Music Server. Ukiwa dukani uliza maswali matatu: je, strima hii inacheza faili kutoka kwenye flashi au diski ya USB? Inazisoma faili zilizo kwenye kompyuta kwa UPnP, yaani njia ya vifaa kupeana muziki ndani ya mtandao wa nyumbani? Na inaweza kufanya hayo bila kuingia kwenye akaunti ya mtengenezaji? Ikijibu ndiyo mara tatu, itabaki na kazi hata siku kampuni ikiisahau.

Pima pia nyimbo zinazoungana. Chukua albamu ya tamasha la moja kwa moja, ambamo makofi yanavuka kutoka wimbo mmoja hadi mwingine, uicheze kwa njia ileile utakayoitumia nyumbani. Strima inaweza kuunganisha vizuri kwenye huduma ya mtandaoni na kuacha pengo la nusu sekunde kwenye UPnP, kwa sababu kule programu ya simu ndiyo inayoipa wimbo mmoja mmoja, na baadhi ya strima hazijui kupakia wimbo unaofuata kabla wa sasa haujaisha. Kwa mpenzi wa taarabu ndefu, opera au muziki wa jazi wa jukwaani, pengo hilo litamkera kuliko tofauti yoyote ya DAC.

Strima nne kwa jicho la mwenye CD

Tumechagua kuzipima kwa swali ambalo mwenye CD anapaswa kuliuliza: naweza kuunganisha deki yangu?

WiiM Pro Plus ndiyo inayotupendeza kwa thamani ya fedha. Ina AirPlay 2 na Google Cast, programu yake ya simu ni rahisi, na ina tundu la mwanga la kupokea dijitali. Tundu lake la koaxia ni la kutolea tu. Mnunuzi asiyejua hilo huchomeka kisomaji chake hapo na kudhani kimoja kati ya viwili kimekufa.

WiiM Ultra inaongeza skrini ya kugusa, HDMI kwa ajili ya televisheni, tundu la hedifoni na tundu la pleya ya santuri. Nayo hupokea deki kwa njia ya mwanga au kwa RCA za kawaida. Haina AirPlay, kwa hiyo nyumba yenye iPhone tupu iangalie kwanza Pro Plus.

Bluesound Node inaendeshwa na BluOS, programu iliyokomaa na inayofaa sana anayetaka muziki kwenye vyumba vingi. Haina Google Cast. Tundu lake la kupokea mwanga limeungana na lile dogo la milimita 3.5, kwa hiyo waya wa kawaida wa mwanga unahitaji kichwa kidogo cha kubadilishia.

Cambridge Audio CXN100 ni kubwa na ghali zaidi ya hizo, lakini ndiyo iliyofikiriwa kama kituo cha mfumo mzima: hupokea koaxia, mwanga na USB kutoka kwenye kompyuta, na ina matundu ya XLR, yale ya pini tatu, ya kutolea. Ikiungana na CXC, kisomaji na strima hutumia DAC moja, na kila kimoja kinaweza kubadilishwa bila kukigusa kingine.

Kwa CD, koaxia na mwanga vinatosha sawasawa. Tofauti huanza juu ya kHz 96, ambako tundu la mwanga halina uhakika wakati koaxia hufika 192 bila shida. Waya wa koaxia uwe wa omu 75. Waya wa video wa RCA, ule wa rangi ya njano, ni wa omu 75 na hufanya kazi hiyo vizuri kwa urefu wa mita moja au mbili.

Sanduku moja: lini linafaa

Marantz SACD 30n ya mwaka 2020 ni mfano mzuri wa kundi hili. Husoma CD na SACD, hustrimu kupitia HEOS, mfumo wa kustrimu uliomo ndani yake, na hupokea dijitali kutoka nje kwa koaxia, mwanga na USB. Sifa hiyo ya mwisho ndiyo inayoiokoa. Siku HEOS itakapopitwa na wakati, unachomeka strima ndogo ya bei nafuu nyuma yake na DAC yake nzuri inaendelea kufanya kazi. Mashine ya sanduku moja isiyo na tundu lolote la kupokea dijitali hatuipendekezi kwa bei yoyote, kwa sababu strima yake ikifa hakuna pa kuingilia, na kisomaji chake kikifa fundi anaondoka na strima yako pia kwa wiki kadhaa.

Sanduku moja linamfaa mwenye SACD, mwenye nafasi ndogo, na mwenye familia inayotaka rimoti moja. Anayependa kubadilisha vifaa kidogokidogo atafungwa mikono nalo.

Waya na volti, mambo yanayounguza

Strima nyingi zina chaguo la sauti isiyobadilika na sauti inayorekebishwa. Ukiunganisha kwenye amplifaya yenye kitufe chake cha sauti, weka isiyobadilika. Ukiunganisha moja kwa moja kwenye spika zenye amplifaya ndani, au kwenye amplifaya isiyo na kitufe cha sauti, ni lazima iwe inayorekebishwa, na uhakikishe imeshushwa kabla ya kuwasha. Sasisho la programu linaweza kurudisha mpangilio wa kiwandani. Likiurudisha bila wewe kujua, spika hupokea nguvu zote kwa ghafla. Baada ya kila sasisho, kagua mpangilio huo kwanza.

Amplifaya za zamani zilitengenezwa kwa vyanzo vyenye umeme mdogo sana wa sauti, na volti 2 za deki huzifanya zipige kelele kitufe kikiwa bado kimeinuka kidogo tu. Vipunguza sauti vya RCA vya desibeli 10 hutatua jambo hilo. Matundu ya XLR hutoa kama volti 4. Kwa waya wa mita moja faida yake ni ndogo.

Mashine iliyotengenezwa kwa soko la Japani hutumia volti 100, ya Marekani 120. Soma kibandiko cha nyuma kabla ya kuchomeka. Ukiiweka ya volti 100 kwenye 230 bila transfoma, fyuzi ikiwa na bahati itakatika yenyewe. Isipobahatika, itaungua transfoma ya ndani.

Kuhamishia CD kwenye faili

Kwa walio katikati, mara nyingi hili ndilo jibu: hamishia diski zote, nunua strima, na utafute deki baadaye kwa utulivu. Kwenye Windows tumia Exact Audio Copy au dBpoweramp, kwenye Mac tumia XLD. Zote hulinganisha matokeo yako na hifadhidata ya AccurateRip, yaani zinakuonyesha kama watu wengine waliosoma diski ileile walipata namba zilezile. Diski ikikataa kulingana, isafishe na ujaribu kompyuta nyingine kabla ya kukata tamaa. Hifadhi kwa FLAC. CD 300 huchukua kama GB 100, na ukiwa na diski mbili za nje, moja ikikaa mbali na kompyuta, umelinda kazi hiyo. Majina ya nyimbo yasahihishe wakati uleule. Kurudi nyuma kusahihisha albamu 300 ni kazi inayowashinda wengi, na maktaba isiyo na majina sahihi haitumiki.

Ukinunua deki iliyotumika

Nenda na diski tatu: CD ya kiwandani yenye zaidi ya dakika 70, CD-R, na diski yenye mikwaruzo ya wastani. Ile ndefu, icheze wimbo wa mwisho mpaka uishe. Ukingoni mwa diski ndiko mtikisiko huwa mkubwa, na kisomaji kilichochoka hujisaliti hapo. CD-R hurudisha mwanga kidogo kuliko CD ya kiwandani, kwa hiyo leza dhaifu huikataa au huchukua sekunde nyingi kuitambua hata kama inasoma nyingine vizuri. Ruka kutoka wimbo wa kwanza hadi wa mwisho na kurudi, mara tano. Usikie kama kuna mlio wa kugonga, kisha uhesabu muda. Zaidi ya sekunde tatu kila mara ni dalili ya reli kavu au leza inayokaribia mwisho. Mwisho iache ipige kwa dakika 40 ikiwa imefungwa mfuniko wake, kwa sababu hitilafu nyingi za leza na za saketi hujitokeza mashine ikishapata joto. Muuzaji akikataa kukupa dakika hizo, lipa bei ya deki inayohitaji leza mpya, au iache.